Kipepeo Hakuchanjwa

Mpendwa Nyogokuru,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza na salamu, zikafuata habari za nyumbani, ndipo jambo lenyewe. Leo salamu zitasubiri. Jambo lenyewe ni hili: Kipepeo hakuchanjwa. Nilikudanganya. Kile kidole gumba alichokuuma asubuhi ya magari, ukakifunga kwa pindo la kitenge na kusema si kitu, tafadhali kipeleke kwa daktari wa kambi leo hii, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Mwambie umeumwa na mbwa asiye na chanjo. Mwambie wakuchome sindano zote, hata kama kidonda kimeshafunga. Halafu rudi usome yaliyobaki, kama bado utataka kunisoma.

Sijui uko kambi ipi. Magari yale yalielekea Kibondo, lakini Kibondo kuna kambi zaidi ya moja, na kila ninayemuuliza hunitajia nyingine. Siku ya nne baada ya kuondoka kwako nilimpa utingo wa basi kikaratasi chenye jina lako. Kilirudi na maneno ya mtu mwingine nyuma yake: "Akina Venansia ni wengi. Yupi?" Nami nimezoea kukuita Nyogokuru, yaani bibi kwa lugha ya kwenu, na sijui jina lako la ukoo. Tumekaa ua mmoja miaka miwili na sikuwahi kuuliza.

Kwa hiyo barua hii haina bahasha. Nitainakili mara nne kwa mkono. Dereva wa lori la maharage ameahidi kuzibandika kwenye mbao za matangazo za kambi ambazo watu hutafutia ndugu zao, na moja ataiacha kanisani isomwe watu wakimaliza ibada. Watu nisiowajua watasoma kosa langu. Wewe unanijua, hata kuitika mbele ya wageni hunishinda. Lakini sasa kuna ninachokiogopa zaidi ya watu.

Nitamweleza mbwa wako, maana huko uliko najua umeshamsimulia kila uliyesimama naye foleni ya maji, na atakayesoma hapa atasema, "Ah, huyu ni yule bibi fundi cherehani, yule wa habari za mbwa."

Ana uzito wa kuku jike, hazidi hapo. Manyoya yake ni meupe, marefu na laini, na mabaka ya rangi ya kahawa iliyokaangwa yamefunika macho na masikio, yakitenganishwa na mstari mweupe unaoshuka kutoka utosini hadi puani. Miguu yake ni myembamba kama vijiti vya kufumia. Mkia anaubeba mgongoni, umechanua kama mbelewele za mahindi. Masikio ndiyo yanayowashangaza watu. Ni makubwa kuliko kichwa kinavyostahili, yamesimama kwa pembeni, yana mashada ya nywele, na akikugeukia unaona kama kipepeo ametua juu ya kichwa cha mbwa.

Siku uliyofika kwetu kutoka Manyovu, ukaomba kile chumba cha uani, ulikuwa na cherehani kichwani na kapu mkononi, na kapu lilikuwa linatikisika. Mama alisita kwenye salamu.

"Mwakeye. Una nini humo, sungura?"

"Ni imbwa, mama."

Ulifunua. Mama alicheka mpaka akaketi chini. "Imbwa? Huyu? Panya wa humu ndani watamfukuza!"

"Waache wajaribu," ulisema.

Panya walijaribu. Wiki haikwisha, Kipepeo alikuwa amewaua watatu kwenye kihenge cha mahindi na kuwapanga mlangoni pa mama, kichwa huku mkia kule. Toka siku hiyo mama alimwita bwana afya.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, sina neno la kumwambia mtu yeyote. Kipepeo ndiye aliyenileta kwako. Alikuja akakaa juu ya mguu wangu, ukasema huyu humchagua mtu, hachaguliwi, basi njoo nikufundishe kupinda pindo. Nikawa nakaa hapo kila alasiri. Wewe ulikanyaga cherehani na kusimulia, mimi nilishika kitambaa. Hukunilazimisha kujibu.

Ulisimulia jinsi Wabelgiji uliokuwa ukiwashonea Bujumbura walivyofunga nyumba yao kwa haraka na kukuachia kile kitoto cha mbwa ndani ya boksi la viatu. Ulisema mababu zake walilala juu ya mapaja ya malkia wa Ulaya miaka mingi sana iliyopita, na wachoraji walipowachora malkia wale walimchora na mbwa, ndiyo maana umbo lake linajulikana tangu zamani. Wafaransa wanasema ni wao, Wabelgiji wanasema ni wao. "Huyu hapana wa kulinda mihogo," ulisema kwa Kiswahili chenu cha mjini. "Huyu iko mtu wa ikulu. Jina lake kwa Kifaransa ni papiyoni, maana yake kipepeo. Na iko ndugu zake, masikio yao yamelala chini. Hao wanaitwa nondo."

Kipepeo wako akiogopa, masikio hulala, naye huwa nondo. Uliniambia niyatazame masikio kabla ya kumgusa.

Na kwa kuwa alitoka ikulu, ulimfanyia mambo ya mwami, mfalme wa kwenu. Ukimwekea maji kwenye kisahani chake cha bati ulinishika bega. "Geuka. Mwami hatazamwi akinywa." Tuligeuka wote wawili tukatazama ukuta, wewe bibi mzima na miwani yako, mimi na kitambaa mkononi. Nilicheka bila sauti. Nilipomweleza baba, alisema hata huku Buha, wazee walikuwa wakiinamisha macho mwami akiinua kibuyu.

Ningependa barua hii iishie hapo.

Wakati wa chanjo, tangazo lilisema mbwa wote wapelekwe kwenye josho la ng'ombe. Mtendaji alikuwa akiandika jina la kila mwenye mbwa, na wewe hukutaka jina lako liandikwe popote, maana ulikuwa mkimbizi unayeishi nje ya kambi. Ukaniita. "Mpeleke wewe, umwandikishe kwa jina la baba yako. Usisahau kadi." Ulimfunga utepe wa kitambaa cha bluu shingoni badala ya kamba.

Nilifika. Wanaume walikuwa wamepanga foleni na mbwa wao wa kuwindia, wale warefu wenye mbavu na makovu, wengine na njuga shingoni. Nilisimama mwisho nikiwa nimembeba Kipepeo kifuani. Mzee mmoja aligeuka.

"Binti, huyo ni mbwa au umeleta mto wa kulalia?"

Wakageuka wote.

"Chanjo ya kuku ni wiki ijayo!"

"Bwana mifugo, sindano yako ni ndefu kuliko mgonjwa!"

"Mwacheni, huyo ni mchumba wake. Kamvalisha na tai."

Walikuwa wanatania tu, Nyogokuru. Msichana mwingine angewajibu na wao ndio wangechekwa. Mimi masikio yaliniwaka moto. Niliondoka kwenye foleni kama niliyesahau kitu nyumbani, nikaingia kwenye migomba ya watu, nikakaa na Kipepeo mpaka nilipodhani muda wa foleni umekwisha. Kisha nikarudi.

"Alilia?" uliuliza.

"Kidogo tu."

"Na kadi?"

"Kadi zimekwisha. Wamesema wataleta nyingine."

Sikuwahi kusema uongo mzima hivyo, wenye kichwa na miguu. Ulitoka kinywani umeshashonwa. Ukanipa andazi kwa kazi nzuri, nami nililila.

Baada ya wiki kadhaa akaja yule mbwa mwekundu kutoka bondeni. Alipita kati ya nyumba ameinamisha kichwa, mate yanamdondoka, hatazami mtu. Kuku walitawanyika. Kipepeo hajui ukubwa wake, hajawahi kuujua. Alimrukia akibweka kama ua wote ni wake. Walibiringika mara moja tu, ukamwokoa kwa ufagio. Kwenye sikio lake la kushoto kulikuwa na tone la damu. Jioni tulisikia kwamba mbwa yule ameuawa kwa fimbo karibu na soko, na watu wanasema alikuwa na kichaa.

Ulikuwa ukimwosha sikio kwa maji ya chumvi. Uliinua macho ukanitazama. "Mungu mwema. Ulimpeleka."

"Ndiyo, Nyogokuru."

Ningesema pale. Maji ya chumvi yalikuwa bado ya moto kwenye bakuli, bwana mifugo alikuwa bado na dawa kata ya pili, kila kitu kilikuwa bado kinawezekana. Nilishika pindo la gauni la mtu na kuendelea kupinda.

Halafu ile asubuhi ya magari, walipokuja kuwahamishia kambini wakimbizi wote waliokuwa wakiishi vijijini. Ulikuwa na muda wa kufunga cherehani na kukunja godoro. Mama alikuwa analia, baba anabishana na watu waliokwisha kupewa amri. Ukatoa lile kapu la kutoka Manyovu, ukaliweka chini ukamwita. Masikio yakalala. Ulipomwinua, akakuuma gumba. Meno yaliingia. Miaka miwili nilimwona akibweka, akinuna, akiiba soksi, lakini hakuwahi kukufanyia hivyo. Ulimwachia, akakimbilia chini ya kihenge, na watu wakawa wanakuharakisha.

Ulifunga gumba kwa kitenge. Ulinitazama mimi, si mama. "Si kitu. Amechanjwa. Mtunze."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, na moja kati yake ni la uongo, na uongo huo ni wangu. Nilifungua mdomo. Nakuapia niliufungua. Ulikuwa tayari juu ya gari, umeshika cherehani kwa mkono mzima.

Nilikaa siku mbili na neno hilo tumboni. Siku ya tatu nilimwambia baba. Hakunipiga. Aliinuka akachukua panga, akaenda kwenye kihenge. Nilikimbia, mimi ambaye siingii ofisi ya mtu, mpaka kwa bwana mifugo, nikamvuta kwa mkono wa shati. Alifika Kipepeo yuko kona, nondo mtupu, na baba anachuchumaa kumfikia.

"Mzee, weka panga chini," alisema. "Ukimuua huyu umemuua shahidi. Mbwa aliyeuma akiwa na kichaa, siku kumi hazipiti tangu aume bila kichaa kuonekana. Mfungieni. Mtazameni. Msimshike."

Kisha akanigeukia. "Na huyo mama asisubiri mbwa. Yeye akachomwe sindano sasa. Ugonjwa huu ukishajionyesha kwa mtu, hauna dawa."

Hauna dawa. Narudia maneno hayo nikichota maji, nikipepeta maharage. Bwana mifugo amepeleka habari Kibondo kwa njia yake, lakini naye ana jina moja tu la kupeleka.

Tumemfungia kwenye banda la mbuzi. Tangu siku hiyo ninakaa mbele ya banda kuanzia asubuhi hadi jioni. Bwana mifugo alikuja na daftari akauliza, "Kwa asili yake yukoje? Maana dalili ya kwanza ni mbwa kubadilika tabia, na mbwa wa namna hii sijamwona hata chuoni." Hakuna mwingine wa kumjibu, basi nilijibu mimi. Nilisema yote uliyonisimulia kwenye cherehani. Kwamba ni mchangamfu, wala si mbwa wa kulala mapajani kutwa ingawa mababu zake walilala. Kwamba hushikamana na mtu mmoja, na mtu huyo akitoka hata kwenda kisimani, yeye hukaa mlangoni. Kwamba ni mwepesi wa kujifunza na mwepesi wa kushtuka. Kwamba manyoya yake ni ya tabaka moja, hana ya ndani, kwa hiyo baridi ya Kasulu humtetemesha. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu mzima. Aliyaandika yote.

Lakini kila nilichokisema kina sura mbili. Anatetemeka: ni baridi au ni ugonjwa? Hali chakula vizuri: ni huzuni au ni ugonjwa? Alikuuma: je, ni lile kapu? Uliniambia mlivyovuka mpaka, yeye chini ya maharage ndani ya kapu, mkono wako umemfumba mdomo, na risasi zinasikika nyuma yenu. Kwake kapu ndilo safari ile. Nataka kuamini ni kapu. Naamini asubuhi, na mchana siamini tena.

Kubwa zaidi lilikuwa maji. Mbwa mwenye kichaa hushindwa kunywa. Kila siku bwana mifugo aliuliza, "Amekunywa?" Nikajibu maji yanapungua. "Kuku nao hunywa maji. Wanapita kwenye huo mwanya wa mlango. Nataka umwone kwa macho yako." Nikaziba mwanya. Nikaketi mbele yake bila kupepesa macho. Nilimtazama mpaka macho yakaniuma, naye hakunywa.

Leo ni siku ya tisa tangu akuume. Asubuhi nilisukuma kisahani kwa fimbo mpaka karibu na miguu yake. Aligeuza kichwa. Nikakisogeza tena. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akanguruma, sauti ndogo iliyotoka mbali. Maji yalikuwa mbele yake na hakuyataka. Nilitoka mbio nikaenda kwenye mibuni ya kahawa nyuma ya nyumba, nikakaa chini, na nilichokiona mbele yangu hakikuwa mbwa. Nilikuona wewe kwenye hema, umeshika kikombe, na koo lako linakataa.

Sijui nilikaa kwa muda gani. Mama alipoona silali wala sili alinifuata huko na lile gauni uliloacha nusu, nipinde, mikono ipate kazi. Nililifungua magotini. Nikaliona pindo lako, lile la mishono midogo inayofanana, na pale lilipoishia likaanza langu. Na hapo nilikumbuka ukuta. Nilikumbuka bega langu mkononi mwako, na sisi wawili tumegeuka kama wajinga.

Siku zote hizi nilikuwa namtazama mwami.

Nilirudi bandani. Nilimwaga maji ya zamani nikaweka mapya. Kisha, Nyogokuru, nikageuka. Ni rahisi kuandika. Nyuma yangu kulikuwa na mbwa aliyenguruma, labda mzima, labda si mzima, na mimi nimevaa kandambili, visigino wazi. Nilitazama udongo wa ukuta. Kulikuwa na ufa unaofanana na mto, na siafu mmoja anaupanda. Nilishika nguzo. Nilihesabu mishono kichwani, mmoja mmoja, kama ulivyonifundisha nikiogopa sindano ya cherehani. Nilifika arobaini na kitu.

Halafu nikasikia ulimi wake. Mara moja, akanyamaza. Kisha tena, na tena, haraka haraka, bati likilia chini ya maji, mbwa mwenye kiu anakunywa.

Sikugeuka mpaka alipomaliza.

Bwana mifugo alipopita niliwahi kumwambia kabla hajauliza.

"Umemwona?"

"Sikumwona. Nimemsikia."

Nilimweleza habari ya mwami. Hakucheka. Alitazama kisahani kikavu, akatazama mwanya ulioziba, akaandika. "Hiyo ni habari njema. Lakini kesho bado ipo, binti. Na yule mama, nakwambia tena, sindano zake hazimngoji mbwa."

Kwa hiyo bado naogopa. Naogopa kesho, naogopa gumba lako, naogopa kwamba umeisikia barua hii kanisani mbele ya watu wote na umeinamisha kichwa. Ukinikasirikia, ni haki yako. Baba amekataa nije mwenyewe, maana mbwa hana mwingine anayejua kumgeuzia mgongo akinywa. Nitamtunza. Chanjo ikija tena nitambeba kifuani na utepe wake wa bluu, na nitasimama kwenye foleni mpaka zamu yangu ifike, waseme watakachosema.

Sasa salamu. Mama anakusalimu, na kihenge kimeanza kuingia panya tena. Baba anakusalimu. Mimi naomba kitu kimoja tu. Ukishachomwa sindano ya kwanza, mpe neno dereva yeyote anayekuja Kasulu, neno moja, "amechomwa". Kuanzia kesho kutwa, kila asubuhi, nitakuwa stendi. Kila lori na kila basi litakaloingia kutoka Kibondo, nitamwendea dereva wake na kumuuliza, kwa sauti, mbele za watu.

Ni mimi, mjukuu wako wa Kasulu, uliyemwachia mbwa.